Mkemia wa Prague na safari ndefu ya tenofoviri hadi kliniki za Afrika

KWENYE chupa ya dawa ambayo watu wengi wanaoishi na Virusi vya Ukimwi (VVU) Afrika Mashariki huichukua kliniki, yameandikwa majina matatu yenye kutamkika kwa shida: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Wauguzi na wagonjwa wamekwishayafupisha kuwa TLD, na mazungumzo huishia hapo. Kidonge ni kimoja, humezwa mara moja kwa siku, na mtu anayekimeza bila kuruka anaweza kuzeeka akiwa na afya yake.

Herufi ya kwanza kati ya hizo tatu ina historia iliyoanza kabla dunia haijausikia Ukimwi. Ilianzia kwenye meza ya maabara jijini Prague, katika nchi ambayo wakati huo iliitwa Czechoslovakia na leo ni Jamhuri ya Czech. Mtu aliyekuwa akichanganya kemikali kwenye meza hiyo hakuwa akitafuta dawa ya Ukimwi, wala asingeweza kuitafuta, kwa kuwa alianza kazi yake miaka zaidi ya 20 kabla ya VVU kutambuliwa mwaka 1983.

Mtu huyo ni Profesa Antonín Holý. Jina lake halimo katika chupa ya dawa, na ni wagonjwa wachache mno waliopata kulisikia.

Holý alizaliwa Prague Septemba 1, 1936. Alisoma kemia ogania katika Chuo Kikuu cha Charles kuanzia mwaka 1954 hadi 1959, na mwaka 1960 alijiunga na Taasisi ya Kemia Ogania na Biokemia, iliyokuwa chini ya Akademia ya Sayansi ya nchi hiyo. Hapo ndipo alipofanya kazi maisha yake yote. Hata alipokuwa mkurugenzi wa taasisi hiyo, kati ya mwaka 1994 na 2002, bado alijihesabu kuwa mkemia wa mezani kwanza na kiongozi baadaye.

Taasisi yenyewe haikuwa ngeni katika kutengeneza molekuli zenye kufanana na vipande vya vinasaba. Mwanzilishi wake, František Šorm, pamoja na wenzake, waliunda mwaka 1964 kemikali iitwayo azasitidini. Kemikali hiyo ilikaa miaka 40 kabla ya kuidhinishwa Marekani, mwaka 2004, kuwa dawa ya maradhi ya uboho. Anayeufahamu mkasa huo hatashangazwa sana na yale yaliyompata Holý baadaye: katika fani hii, kemikali huweza kuzaliwa leo na kungojea kazi yake kwa muda wa kizazi kizima.

Fani yenyewe huitwa usanisi wa kemia ogania. Kwa maneno mepesi, ni ufundi wa kujenga molekuli mpya kwa kuunganisha atomu za kaboni, hidrojeni, oksijeni na nyinginezo katika mpangilio uliokusudiwa. Mkemia hawezi kuziona atomu hizo wala kuzishika. Anachoweza ni kuchagua kemikali za kuanzia, kiyeyushi, kiasi cha joto na muda, kisha kusafisha kilichopatikana na kukipima ili ajue kama ndicho alichokitaka. Mara nyingi sicho. Hatua moja inaweza kuchukua siku kadhaa, na molekuli moja huhitaji hatua nyingi.

Ili kuielewa kazi ya Holý, ni lazima kwanza kujua namna virusi vinavyozaliana. Kirusi hakina kiwanda chake. Huingia ndani ya seli ya binadamu na kuitumia kunakili maandishi yake ya urithi. Maandishi hayo ni mnyororo mrefu wa vipande vinavyounganishwa kimoja baada ya kingine, mithili ya mabehewa ya treni, na kila behewa lina ndoano mbele na ndoano nyuma. Mfungaji wa mabehewa ni kimeng'enya. Kwa upande wa VVU, kimeng'enya hicho huyageuza maandishi ya RNA ya kirusi kuwa DNA, ili yapate kupenyezwa katika vinasaba vya mgonjwa.

Wanakemia wa miaka ya 1960 walikwishabaini kwamba, kama kimeng'enya kitapewa behewa bandia lenye ndoano ya mbele tu, kitalifunga bila kujua, na behewa linalofuata halitapata pa kushika. Treni itakomea hapo. AZT, dawa ya kwanza ya VVU, hufanya kazi kwa namna hiyo. Nayo iliundwa Marekani mwaka 1964 na Jerome Horwitz kwa ajili ya saratani, ikashindwa, ikawekwa kando, na ilipofika mwaka 1987 ikaidhinishwa kwa Ukimwi.

Wazo la behewa bandia, hata hivyo, lina kikwazo. Kabla kipande hakijakubalika kwenye treni, seli hukigonga mihuri mitatu ya fosfeti. Ni kama mtu mwenye barua inayopaswa kupitia ofisi tatu. Ofisi ya kwanza ndiyo yenye foleni; akishaivuka, mbili zilizobaki humpitisha upesi. Dawa nyingi za aina hii hukwama katika muhuri wa kwanza, hasa ndani ya seli zilizopumzika, ambamo karani wa ofisi hiyo huwa hayupo kazini.

Kwa nini basi mkemia asiipe dawa muhuri wa kwanza tangu maabara? Jibu ni kuwa fosfeti ya kawaida haidumu. Mwilini mna vimeng'enya vingi ambavyo kazi yake ni kuikata, na muhuri ungefutwa kabla barua haijafika. Kiungo dhaifu ni pale ambapo fosforasi imeshikana na oksijeni, na oksijeni hiyo nayo ikashikana na kaboni.

Hapo ndipo lilipo jambo kubwa alilolifanya Holý. Aliubadili mpangilio wa atomu chache tu, akaishikanisha fosforasi moja kwa moja na kaboni. Kwa jicho la kimeng'enya kinachogonga mihuri, molekuli hiyo inafanana na yenye fosfeti. Kwa kimeng'enya kinachofuta mihuri, hakuna mahali pa kukatia. Wanakemia huiita aina hiyo ya muhuri fosfoneti. Zaidi ya hapo, aliondoa pete ya sukari iliyomo katika kila kipande cha vinasaba na mahali pake akaweka mnyororo mfupi ulio wazi, unaojipinda kwa urahisi. Ndoano ya nyuma ikawa imetoweka.

Hayo hayakutukia kwa mkupuo. Mwaka 1976 Holý alikutana na Erik De Clercq, daktari na mtaalamu wa virusi kutoka Taasisi ya Rega ya Chuo Kikuu Katoliki cha Leuven, Ubelgiji, katika kongamano lililofanyika Göttingen, Ujerumani Magharibi. Ubia wao ulikuwa rahisi kuueleza: Prague itaunda molekuli, Leuven itazipima dhidi ya virusi. Ikumbukwe kwamba huo ulikuwa wakati wa Vita Baridi. Mmoja alikuwa upande wa Mashariki, mwenziwe upande wa Magharibi, na kati yao palikuwa na mpaka uliolindwa kwa bunduki. Kemikali hata hivyo zilivuka, na matokeo ya vipimo yakarudi.

Tunda la kwanza lilionekana mwaka 1978, walipochapisha katika jarida la Science taarifa ya kemikali iliyozuia aina kadhaa za virusi. Iliingia sokoni Czechoslovakia kama jeli ya kupaka kwenye malengelenge ya mdomoni. Ilikuwa dawa ya kawaida kwa maradhi ya kawaida, lakini iliwathibitishia wawili hao kwamba molekuli isiyo na pete ya sukari inaweza kumdanganya kirusi.

Mwaka 1986 wakachapisha katika jarida la Nature makala iliyoanzisha ukoo mzima wa dawa. Ndani yake molekuli zenye fosfoneti zilionyesha uwezo wa kuzuia virusi vya DNA vya aina nyingi, vikiwemo vya malengelenge. Mojawapo, iliyoitwa PMEA, ilizuia pia virusi vya kundi moja na VVU. Wakati huo hospitali za Marekani na Ulaya zilikuwa zimejaa vijana wanaokufa kwa Ukimwi, na katika Uganda na Kagera watu walikwishaupa ugonjwa huo jina la Slim kwa namna ulivyowakondesha wagonjwa.

Aliyeiona thamani ya makala hiyo upande wa biashara ni mkemia Mmarekani, John C. Martin, aliyekuwa katika kampuni ya Bristol-Myers. Kampuni ikachukua haki za kuziendeleza kemikali za Prague na Leuven. Kisha, mwaka 1989, ikaungana na Squibb, na vipaumbele vikabadilika. Kemikali za Holý zikarudishwa kwa wenyewe. Kampuni hiyo mpya iliendelea na dawa nyingine, ikiwamo stavudini iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1994. Wasomaji wa Afrika Mashariki waliotumia au kuuguza ndugu katika miaka ya 2000 wanaifahamu stavudini; itarejewa hapa chini.

Martin alihamia mwaka 1990 katika kampuni changa ya California iitwayo Gilead Sciences, iliyoanzishwa mwaka 1987 na ambayo haikuwa na dawa hata moja sokoni. Alikwenda na imani yake juu ya kemikali za Prague, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Gilead ikatia saini mikataba na taasisi hizo mbili. Katika duru za wanasayansi, Martin, De Clercq na Holý wakaja kuitwa kwa utani Utatu Mtakatifu, kwa kuwa jina Holý linafanana na neno la Kiingereza lenye maana ya takatifu. Kwa Kicheki jina hilo lina maana nyingine kabisa: aliye mtupu, au mwenye upara.

Dawa ya kwanza kutoka ukoo huo ilikuwa sidofoviri, iliyoidhinishwa mwaka 1996 kwa jina la Vistide. Ilitumika kwa wagonjwa wa Ukimwi waliokuwa wakipofuka kutokana na kirusi kinachoshambulia macho. Ni dawa kali, hutolewa kwa njia ya mshipa, na inaweza kuharibu figo. Miaka 25 baadaye, mwaka 2021, umbo lake jipya liitwalo brinsidofoviri liliidhinishwa Marekani kama akiba dhidi ya ndui, endapo ugonjwa huo uliotokomezwa utarudi.

Ya pili ilikuwa PMEA yenyewe, iliyopewa jina la adefoviri. Gilead iliweka matumaini yake makubwa hapo. Mwaka 1999, hata hivyo, jopo la washauri wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) lilipendekeza isiidhinishwe kwa VVU: katika vipimo vilivyohitajika kukizuia kirusi, figo za wagonjwa wengi ziliumia. Kampuni ikaachana na mpango huo. Dawa hiyohiyo, kwa miligramu 10 tu kwa siku, ilionekana kufaa kwa homa ya ini aina ya B, na mwaka 2002 ikaidhinishwa kwa ugonjwa huo ikiitwa Hepsera.

Tofauti kati ya adefoviri iliyoshindwa na tenofoviri iliyofaulu ni ndogo mno: mahali penye atomu moja ya hidrojeni, Holý aliweka kaboni moja yenye hidrojeni tatu. Basi. Lakini kaboni hiyo inapoongezwa, molekuli hupata maumbo mawili yanayofanana kama ndala ya kulia na ya kushoto: atomu ni zilezile, mpangilio ni uleule, ila moja haivaliki mahali pa nyingine. Umbo moja hukizuia VVU barabara; jingine ni dhaifu sana. Ilibidi Holý na wenzake wabuni njia ya kutengeneza umbo moja tu bila jingine, nayo ni kazi inayomjaribu mkemia yeyote. Mwaka 1993 timu za Prague na Leuven zilitoa taarifa ya uwezo wa umbo hilo dhidi ya VVU, na kwamba liliziacha seli za kawaida zikiwa salama zaidi kuliko adefoviri ilivyofanya.

Mwaka 1995 watafiti nchini Marekani walitoa matokeo yaliyowashangaza wengi. Waliwapa nyani wa jamii ya makaki tenofoviri, kisha wakawachoma kirusi cha nyani kinachofanana na VVU. Wengine walipewa dawa baada ya kirusi, hadi saa 24. Hakuna hata mmoja kati ya waliotibiwa aliyeambukizwa, ilhali wale ambao hawakupewa dawa waliambukizwa wote. Matokeo hayo yaliibua swali ambalo halijapata kuulizwa kwa uzito: je, dawa ya Ukimwi inaweza kumkinga mtu asiyeambukizwa?

Lakini kulikuwa na jingine la kutatuliwa kwanza. Muhuri wa fosfoneti, uliokuwa nguvu ya dawa, ulikuwa pia udhaifu wake. Hubeba chaji za umeme, na kitu chenye chaji hakipenyi kwa urahisi ukuta wa utumbo. Tenofoviri ikimezwa ilivyo, sehemu kubwa hutoka na choo. Wanakemia wa Gilead wakaivisha muhuri huo koti la kemikali liitwalo disoproksili. Likiwa limevaliwa, dawa hupita utumboni. Likishaingia mwilini, koti huvuliwa na tenofoviri huanza kazi. Kidonge cha miligramu 300, mara moja kwa siku, kiliidhinishwa Marekani Oktoba 2001 kwa jina la Viread. Mara moja kwa siku inatosha kwa sababu, ikishagongwa mihuri yote ndani ya seli, dawa hubaki humo kwa muda mrefu.

Baadaye lilibuniwa koti la pili, alafenamidi, ambalo huifikisha dawa ndani ya seli kwa wingi kiasi kwamba miligramu 25 au pungufu hutosha mahali pa 300. Kidonge cha kwanza chenye umbo hilo kiliidhinishwa mwaka 2015.

Ni hapa ambapo hadithi ya sayansi inakutana na ile ya fedha, na si sehemu ya kupendeza.

Tanzania ilipoanza kutoa dawa za kupunguza makali ya Ukimwi (ARV) bure katika hospitali za umma mwaka 2004, mgonjwa wa kawaida alipewa stavudini, lamivudini na nevirapini. Nchi nyingi za Afrika zilifanya vivyo hivyo, kwa sababu moja iliyo wazi: mchanganyiko huo ulikuwa wa bei rahisi. Uliokoa maisha ya watu wengi waliokuwa wamekwishaandaliwa kuzikwa. Lakini stavudini ilidai malipo yake. Miguu ilikufa ganzi na kuwaka moto usiku. Mafuta yalitoweka mashavuni, mikononi na makalioni, hata mgonjwa akatambulika mtaani kwa sura yake. Wachache walipata sumu ya tindikali katika damu na kufariki. Unyanyapaa ambao dawa ilipaswa kuuondoa ukawa unarudishwa na dawa hiyohiyo.

Wakati huo tenofoviri ilikuwa ikitumika Marekani na Ulaya. Gilead ilitangaza bei nafuu kwa nchi maskini, ila mashirika ya tiba yalilalamika kuwa katika nchi nyingi za Afrika dawa haikuwa hata imesajiliwa, na bei nafuu ya dawa isiyosajiliwa ni maneno matupu. Mwaka 2006 kampuni ilianza kutoa leseni kwa viwanda vya India kuitengeneza na kuiuza katika nchi zinazoendelea kwa mrabaha wa asilimia 5. Makundi ya wagonjwa nchini India na Brazil hayakuridhika. Yaliipinga hataza yenyewe, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, kwa hoja kwamba kuivisha koti molekuli iliyokwishajulikana tangu miaka ya 1980 si uvumbuzi mpya. Mwaka 2009 ofisi ya hataza ya India ikakubaliana nao na kuyakataa maombi ya kampuni. Mwaka 2011 Gilead ikawa kampuni ya kwanza ya dawa kujiunga na Hazina ya Hataza za Dawa, chombo cha kimataifa kilichoundwa kurahisisha leseni za aina hiyo.

Kulikuwa pia na hofu ya kitabibu. Adefoviri ilikwishaharibu figo. Je, tenofoviri ingefaa mahali ambapo kipimo cha figo hakipatikani kila wilaya? Jibu lilitoka jirani. Utafiti ulioitwa DART, ulioanza mwaka 2003 Uganda na Zimbabwe kwa wagonjwa 3,316, uliwapa zaidi ya nusu yao mchanganyiko wenye tenofoviri. Madhara makubwa ya figo yalikuwa nadra. Mwishoni mwa mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) likazishauri nchi kuachana na stavudini, na mwaka 2013 likapendekeza tenofoviri iwe msingi wa tiba ya kuanzia kwa watu wazima. Hiyo ni miaka 12 baada ya Viread kuidhinishwa. Wapo ambao ganzi ya miguu waliyoipata katika miaka hiyo haikuwatoka tena.

Swali la nyani wa mwaka 1995 nalo lilijibiwa kwa sehemu kubwa hapa Afrika Mashariki. Utafiti wa Partners PrEP uliwahusisha wenza zaidi ya 4,700 nchini Kenya na Uganda, mmoja akiwa na VVU na mwingine hana. Yule asiyeambukizwa alipewa kidonge cha tenofoviri peke yake, au tenofoviri na emtrisitabini, au kidonge kisicho na dawa. Maambukizi yalipungua kwa asilimia 67 kwa kundi la kwanza na asilimia 75 kwa la pili. Julai 2011 wasimamizi waliamuru kidonge kisicho na dawa kiachwe, kwa kuwa isingekuwa haki kuendelea kumpa mtu kitu wanachojua hakimkingi.

Karibu wakati huohuo, utafiti mwingine kwa wanawake wa Kenya, Tanzania na Afrika Kusini ulisimamishwa kwa kutoonyesha kinga yoyote. Wanawake wengi walisema wanameza dawa. Damu yao ilisema vingine. Molekuli ni ileile. Mwanamke anayeogopa kukutwa na mumewe akiwa na chupa ya ARV huiacha chupa hiyo imejaa, na hakuna mkemia awezaye kulitatua hilo kwenye meza yake.

Julai 16, 2012, FDA iliidhinisha Truvada, kidonge chenye tenofoviri na emtrisitabini, kuwa kinga kwa watu wasio na VVU. Ilikuwa mara ya kwanza kwa dawa yoyote kuruhusiwa kwa kazi hiyo. Siku hiyohiyo Antonín Holý alifariki dunia Prague, akiwa na umri wa miaka 75. Kenya ilizindua kinga hiyo kitaifa mwaka 2017. Martin, aliyeiongoza Gilead kama mtendaji mkuu kuanzia mwaka 1996 hadi 2016, alifariki mwaka 2021.

Taasisi ya Prague ilipata kutokana na mrabaha mabilioni ya koruna, fedha ambazo ni nadra kuonekana katika taasisi ya umma ya utafiti. Zilitumika kujenga maabara mpya na kuvutia watafiti kutoka nje.

Kuhusu Afrika, bei ilishuka kwa hatua. Septemba 2017 ulitangazwa mkataba wa kuuza TLD kwa takriban dola 75 kwa mgonjwa kwa mwaka, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoutangaza. Mwaka 2023 Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, Kifua Kikuu na Malaria ukasema bei imefika chini ya dola 45. Ili kulinganisha, mwanzoni mwa mwaka 2000 tiba ya ARV iligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka.

Anayetumia TLD anapaswa kujua mambo mawili ambayo hayaelezwi vya kutosha kliniki. Kwanza, tahadhari ya figo haijaisha. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au umri mkubwa anahitaji kupimwa figo kila inapowezekana, na daktari anaweza kumbadilishia dawa. Pili, tenofoviri hutibu pia homa ya ini aina ya B, maradhi yaliyoenea katika ukanda huu; tangu mwaka 2008 imeidhinishwa kwa ajili hiyo Marekani na Ulaya, na mwaka 2020 WHO ilishauri wajawazito wenye kirusi hicho kwa wingi wapewe ili wasiwaambukize watoto. Mtu mwenye VVU na homa ya ini kwa pamoja, anapoiacha TLD ghafla, anaweza kuamsha ugonjwa wa ini uliokuwa umelala.

Kwa miaka mingi karibu vidonge vyote vilivyomezwa Afrika vilitoka India. Mwaka 2023 kiwanda cha Universal Corporation kilichoko Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, kilikuwa cha kwanza barani kupata ithibati ya WHO kutengeneza TLD. Mwaka 2025 Mfuko wa Dunia ulinunua kutoka kiwanda hicho shehena ya dawa hiyo, mara ya kwanza kwa mfuko huo kununua dawa ya kuanzia tiba ya VVU iliyotengenezwa Afrika. Shehena ilipelekwa Msumbiji, ikiwa inatosha watu zaidi ya 72,000 kwa mwaka.